Wali vijiko vitatu dola 17! Msalato, uwanja wetu mpya wa ndege Dodoma, nako tutafanywa hivi?

Wakuu, nimerudi Dodoma juzi. Jambo lenyewe lilinikuta wakati wa kwenda, ila hasira haijaisha.

Nilikuwa naunganisha ndege kwenye uwanja mmoja mkubwa wa nje, jina naliacha. Kusubiri saa tano. Kwenye ukaguzi wakanichukulia chupa yangu ya maji. Sawa, mambo ya kutopita na kimiminika cha zaidi ya mililita 100 nayajua, yalianza 2006 walipokamatwa wale wa London waliotaka kulipua ndege kwa vimiminika. Hapo sina ugomvi. Ila hatua hamsini mbele, maji nusu lita dola 5! Bomba la bure lipo, limejificha karibu na vyoo, sasa nikinge na nini wakati chupa imebaki kwenye pipa lao? Abiria mmoja akanicheka: ungemwaga maji ukapita na chupa tupu. Bango la kusema hivyo sikuliona.

Njaa ikanisukuma kwenye ukumbi wa vyakula. Meza zimejaa, jamaa mmoja kalala kwenye viti vitatu, cha nne kakalisha begi. Huagizi kwa mtu, unabonyeza kwenye kioo. Kadi tu, noti hawataki. Yangu ikagoma mara mbili, nyuma yangu watu wanaguna. Ilipokubali, kioo kikaniuliza natoa bakshishi asilimia 15, 18 au 20. Bakshishi ya nani? Nimeagiza mwenyewe, sinia nabeba mwenyewe, na chakula hata jikoni hakijaingia!

Nikapewa kidude cha plastiki cha kuniita chakula kikiwa tayari, kikatetemeka baada ya dakika 35. Wali vijiko vitatu, katikati wa baridi. Kuku vipande vinne vimezama kwenye sosi tamu kama soda. Uma wa mti ukakatika kwenye kipande cha pili, nikamalizia kwa mkono, wakaniangalia. Dola 17, zaidi ya elfu arobaini. Kwa hela hiyo hapa mjini naita washkaji wawili, tunakula mbuzi choma na ndizi, na chenji inabaki ya bodaboda.

Msiniambie pango ni ghali. Najua wenye vibanda wanalipa pango na wanakatwa asilimia ya mauzo. Lakini yote hayo yanawezekana kwa sababu ukishapita ukaguzi huna pa kwenda. Mama lishe wa Sabasaba akinipunja leo, kesho nahamia kwa jirani yake, na yeye analijua hilo.

Sasa nakuja Msalato. Njia ya kurukia mita 3,600, tunajisifu nayo, safi. Je, vibanda vya chakula mle ndani vinapangishwa kwa masharti gani? Portland kule Marekani wapangaji wa uwanjani wanatakiwa wauze kwa bei ya mtaani, kwa hiyo asije mtu hapa akasema haiwezekani. Mwenye taarifa aziweke. Na wali maharage uwepo, jamani, siyo mikate ya kupasha tu.

Halafu shemeji, kama unapita hapa: zile pakiti mbili za ubuyu nilizokuletea zilitoka Dodoma zikiwa tano.