Korona hii ya 2020, mnyama akiugua mnampeleka wapi: kliniki, bwana mifugo au simu?

Bint_Fuoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Wiki ya pili ya Ramadhani paka wangu dume alishindwa kukojoa. Anaingia kwenye mchanga wake, anajikamua, analia, hakitoki kitu. Nikapiga simu kliniki moja ya mjini, ninayowapelekea paka wangu mwaka wa nne huu. Mara saba, haikupokelewa. Nikamtia kwenye tenga, nikamfunika kanga, nikapanda daladala.

Mlangoni kijana akalipokea tenga, akaniambia nisubiri nje kwa sababu ya korona. Hilo sikulipinga, hata hospitali za watu zilikuwa hivyo. Kilichoniuma ni kwamba nimesimama chini ya mwembe na mvua ya masika kutoka saa nne mpaka saa nane mchana, na hakutoka mtu kuniambia yuko hai au amekufa. Nilipogonga nikaambiwa, "Bi, usitusumbue." Mwisho kijana yule yule akanirudishia tenga na karatasi ya malipo. Daktari sikumuona. Nikauliza nimpe chakula gani, niangalie nini? Akasema nipige simu. Simu ile ile!

Usiku wa pili mkojo ukaziba tena. Alikufa kabla ya daku.

Nimebaki na paka wawili na mbuzi watano. Kule sirudi. Nielezeni kwa mliyoyaona wenyewe: kliniki nyingine, bwana mifugo, daktari wa WhatsApp, au duka la dawa?

Mfugaji_Dole
Pole sana dada yangu. Kwa mbuzi usihangaike, mwite bwana mifugo. Anakuja bandani, mnazungumza nje upepo unapita, na unaona kila anachokifanya. Mtamba wangu wa ng'ombe alivimba matezi chini ya masikio, homa juu, hali majani. Alifika kwa pikipiki siku ile ile, akasema ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe, akamchoma buparvakwoni. Akanieleza kuwa dawa ile inafaa ukiwahi. Mnyama akishaanza kuhema kwa tabu na povu puani, matumaini ni madogo. Amepona, anakula.

Gharama ni dawa na mafuta yake. Ila kwa paka sikudanganyi, wetu hana vifaa vyake.

Mchukwani
Sisi huku Wete hatuna pa kuchagua sana. Mie namtumia daktari wa Unguja picha na video kwa WhatsApp. Jeraha, minyoo, upele, kuku wanaozubaa, hayo ananisaidia vizuri, na anajibu. Lakini simu haimpapasi mnyama tumbo. Siku niliyomwambia paka hakojoi, alinijibu maneno machache tu: usikae na simu, mtafutie mtu wa kumshika sasa hivi.

Kijana_wa_Ngambo
Duka la dawa ni rahisi jamani, hupangi foleni. Paka wetu alikuwa na homa, tukampa robo ya panadoli. Lakini hakuamka. Mpaka leo sijui ilikuwa homa gani.

Msaidizi_Kliniki
Ndugu yangu, nakuambia kwa huruma, huenda si homa iliyomuua. Parasetamoli, yaani hiyo panadoli, ni sumu kwa paka, hata kipande kidogo. Ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawia. Usimpe tena paka yeyote. Na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini usimpake paka, nayo inaua.

Bint_Fuoni, mimi nafanya kazi kliniki, si hiyo uliyokwenda. Kazi imekuwa ngumu kweli: tunaingia wachache kwa zamu, na ndege ziliposimama dawa zilichelewa. Lakini hayo hayamzuii mtu kupokea simu. Kwetu kijana mmoja kazi yake ni simu tu, na mwenye mnyama anapigiwa akiwa nje: mara moja akishapimwa, mara ya pili kabla ya kuchomwa au kukatwa chochote. Inatugharimu vocha.

Paka dume aliyeziba ni dharura, siku moja au mbili zinatosha kummaliza, kwa sababu sumu ya mkojo inarudi kwenye damu na moyo unasimama. Hata akizibuliwa, siku za mwanzo anaweza kuziba tena, kwa hiyo mara nyingi huachiwa mpira wa mkojo na kulazwa. Akirudi nyumbani, mwenyewe lazima aambiwe auchungulie mchanga kila baada ya saa chache. Ulistahili kuambiwa.

Ukitafuta kliniki, nenda kabla hujawa na mgonjwa. Uliza usiku anapokea nani, na ukisubiri nje utapewaje habari. Wakinung'unika kwa maswali hayo, ondoka.

Bint_Fuoni
Nimelia kusoma hapa. Hakuna aliyeniambia habari ya kuchungulia mchanga, ningekesha.

Leo nimekwenda kliniki mliyonielekeza faragha, mikono mitupu. Daktari alitoka mwenyewe mpaka kwenye ngazi na barakoa yake, akanisikiliza, akaniandikia nambari nyuma ya kadi ya chanjo. Jioni nikaijaribu, ikapokelewa. Paka watakwenda huko. Mbuzi nawaachia bwana mifugo. Mchukwani, nami naomba nambari ya huyo wako, kwa mambo madogo.

Mchukwani
Nimekutumia. Mwambie umetoka kwangu. Na pole tena, bibie.