Mjadala: Kuni na mkaa, ni nishati jadidifu kweli?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Vitabu vingi vya shule huigawa nishati mafungu mawili. Jadidifu, yaani inayojirudisha, ni jua, upepo, maji, jotoardhi na tungamotaka, yaani kuni, mkaa na mabaki ya mimea. Isiyo jadidifu ni makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na urani. Mwanafunzi akikariri hivyo anapata maksi zake zote. Mimi nasema kuni zimewekwa kwenye fungu la kwanza kwa sababu tu mti huota tena, na hiyo haitoshi.

Nimewahi kusimama kando ya tanuri la mkaa. Magogo hupangwa, yakafunikwa kwa majani mabichi, juu yake udongo, kisha moto ukawashwa kupitia tundu moja. Mwanzoni moshi hutoka mzito na mweupe, kwa kuwa maji ya mti ndiyo yanayotoka. Ukianza kuwa mwembamba wenye rangi ya samawati, mchomaji anajua mkaa umeiva, anaziba matundu. Usiku halali. Udongo ukibomoka asione, hewa inaingia, na asubuhi atafukua majivu. Hata kazi ikienda sawasawa, kilo 100 za kuni kavu katika tanuri la namna hiyo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Nyingine zote zimeondoka na moshi, na ndani ya moshi huo mna methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hulipasha joto anga mara 80 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mti uliokua miaka 30 umekwisha hata mwezi haujapita.

Lakini simlaumu mchoma mkaa. Kinachoniuma ni mahesabu ya wakubwa. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayoitambua tungamotaka kuwa jadidifu. Kule Uingereza, mtambo wa umeme wa Drax, uliokuwa ukichoma makaa ya mawe, uligeuzwa uchome mbao zilizosagwa na kushindiliwa kuwa punje, nyingi zikiletwa kwa meli kutoka Marekani na Kanada. Sasa angalieni kwenye bomba la moshi. Kwa kila gigajuli (kipimo cha nishati) ya joto, viwango vya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, vinaonyesha kuni zikitoa kilo 112 za hewa ukaa, na makaa ya mawe ya kawaida kama kilo 95. Kuni zimezidi! Ila mwongozo wa kuhesabu gesi unasema hewa ukaa ya kuni isijumlishwe kwenye sekta ya nishati ya nchi iliyochoma, iandikwe kwenye hesabu ya ardhi kule miti ilikokatwa. Basi kwenye daftari la mchomaji bomba linasomeka sifuri, na moshi uko palepale.

Msimamo wangu: kuni zihesabiwe kuwa jadidifu pale tu inapothibitika kwamba msitu unarudi kwa kasi ileile unayokatwa. Nawakaribisha wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika kwa uchungu ila umechanganya mambo mawili. Jadidifu ni suala la muda, safi ni suala la athari. Makaa ya mawe mengi yalianza kujitunga takriban miaka milioni 300 iliyopita. Mti unarudi ndani ya umri wa mtu mmoja. Hizo haziwezi kuwekwa kapu moja, hata kama moshi wa kuni ni mwingi. Tena ukiziondoa kuni kwenye orodha utawapa wauza makaa ya mawe la kusema, kwamba kumbe zote ni zilezile. Halafu kuna watu takriban bilioni 2 wanaopikia kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa. Unawaambia nini? Wakishaitwa waharibifu, kinachofuata ni marufuku, na jioni sufuria bado inasubiri moto.

Mchangiaji wa pili

Naongezea maji, maana nayo huwa tunayapitisha bila kuyahoji. Bwawa la Balbina huko Brazili lilizamisha takriban kilomita za mraba 2,360 za msitu wa Amazon kwa umeme wa megawati 250. Miti ikaozea majini, methani ikatoka. Itaipu, mpakani mwa Brazili na Paragwai, ni megawati 14,000 kwa ziwa la kilomita za mraba 1,350 hivi. Yote mawili yanaitwa umeme wa maji, yote jadidifu.

Mleta mada

Asante kwa Balbina, hiyo naichukua.

Ndugu yangu mchangiaji wa kwanza, hoja ya muda naikubali, na ndiyo hasa ninayoisimamia. Muda wa kitu kurudi hauna maana mpaka uuweke kando ya muda wa kukitumia. Hata jotoardhi iko hivyo. Pale The Geysers, eneo la umeme wa jotoardhi huko California, Marekani, mvuke ulichimbwa kwa kasi kuliko maji yalivyokuwa yakirudi chini, na baada ya miaka ya 1980 uzalishaji ukashuka. Kuanzia 1997 wakaanza kusukuma ardhini maji taka yaliyosafishwa ili visima visikauke. Joto la dunia lilikuwepo muda wote, kilichopungua ni maji. Na msitu ni hivyohivyo: mvua ipo, jua lipo, ila mche haujapewa miaka yake.

Kuhusu wapikaji, hapo uko sahihi, na nilipaswa kulisema mwanzoni. Marufuku bila mbadala ni ukatili. Lakini kuwaachia moshi kwa jina zuri la jadidifu nako si huruma: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Wapikaji hao wapewe gesi au umeme kwa bei wanayoimudu, hata kama gesi imo kwenye fungu lile baya la vitabuni. Ndiyo, nasema hivyo nikijua gesi hairudi.

Wenye makaa ya mawe wasishangilie, sijawatetea. Nilichokiomba ni daftari moja: anayechoma aandike moshi wake kwake, na anayekata aonyeshe visiki vyake vimechipua. Ipo miti inayochipua kisikini na kukatwa kwa zamu, kitalu baada ya kitalu, na kuni zake nitaziita jadidifu bila kinyongo. Nionyesheni tu kitalu kinachofuata.