ALIZIBA PUA! Mzee wa nusu ekari ameniziba pua mbele ya watu

BintiPipeline: Jameni, bado natetemeka. Natoka sasa hivi kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu ujenzi hapa Nairobi. Yule mzee mnamjua, wa kofia ya ngozi, asiyekosa kikao. Akasema kule Karen, mtaa wa matajiri, ploti isipungue nusu ekari hata dunia ipasuke. Sawa. Nikanyanyuka nikasema natoka Pipeline, mtaa wa maghorofa yaliyobanana, chumba changu ni mita tatu kwa tatu, saa sita mchana nawasha taa. Akatoa leso akaziba pua.

ALIZIBA PUA! Leso nyeupe, imepigwa pasi, akaikunjua polepole kama bwana arusi. Na nimeoga! Kwa maji ya kununua!

Nusu ekari ni mita mraba 2,000 na ushei. Vyumba kama changu vinaenea 200 hapo chini na mbwa wake abaki na korido. Mkoloni alijigawia huko kwenye miti, akamsukuma Mwafrika Eastlands, upande wa mashariki, mpango wa jiji wa 1948 ukaja na kupita, na mzee bado analinda ua kama kaburi la babake. Lakini hayo tisa, kumi ni ile leso. Watu wakacheka! Leso!

Mjengoni254: Huyo mzee aliwahi kumwambia shangazi yangu asipite kwake na mkokoteni, eti magurudumu yanachosha nyasi 😂

KaroLimejaa: Dada, labda alikuwa na mafua.

BintiPipeline: Mafua yaanze nikitaja Pipeline?

MamaKileleshwa: Pole mwanangu, ila msiombe ghorofa ovyo. Mimi nimejengewa mnara ubavuni, jua sasa nalionea kwa jirani. Nguo zinakaa siku tatu hazikauki, na karo la maji taka linafurika hadi langoni.

KaroLimejaa: Jua? Mama, Pipeline jua ni hadithi ya bibi. Rudi kwenye mada.

MamaKileleshwa: Mada ni karo!

Ghorofa_ya_7: Nyinyi mna karo, sisi hatuna lifti. Nimepanda na mtungi wa gesi begani, nikafika nikakuta ufunguo nimeuacha dukani.

Mjengoni254: 😂😂 Ukashuka?

Ghorofa_ya_7: Nimekaa ngazini hadi sasa. Kuna mtu ana namba ya fundi wa kufuli, huku mtaa wa Umoja?

BintiPipeline: Jameni, LESO.

MamaKileleshwa: Fundi yupo, nakutumia inboksi. Anajua na karo.