Nitajuaje kama fani ina ajira kabla sijaisomea?

Njia_Panda: Habari wakuu. Nimebaki na fani tatu: upimaji ardhi, famasia na uchambuzi wa data. Kila ninayemuuliza anajibu "hiyo inalipa", basi. Nataka kuhakiki kwa ushahidi. Naanzia wapi?

Mtakwimu: Mkuu, anza na matangazo ya kazi, achana na zile orodha za "fani 10 zenye soko". Kusanya kama 40 kwa kila fani, yapange kwenye jedwali: tarehe, elimu, miaka ya uzoefu, leseni, aina ya mkataba. Futa yanayojirudia, maana nafasi moja ikitangazwa na mwajiri na mawakala wawili utaihesabu mara tatu. Kisha tenga yanayopokea mtu asiye na uzoefu. Hapo ndipo watu hushtuka: 40 yanaweza kubaki manne.

Majina ya kazi nayo yanadanganya. "Mchambuzi wa data" huku anaandika programu, kule anajaza majedwali tu. Soma majukumu. Mfumo wa ISCO-08 wa Shirika la Kazi Duniani umegawa kazi katika makundi madogo 436, kila moja na majukumu yake. Unasaidia kugundua kazi ileile inayotangazwa kwa jina jingine.

Bi_Hesabu: Mimi niseme kuhusu asilimia. Fani yenye watu 2,000 ikikua kwa asilimia 30 ndani ya miaka 10, ni nafasi mpya 600, yaani 60 kwa mwaka. Yenye watu 500,000 ikikua kwa asilimia 3 tu ndani ya miaka hiyohiyo 10, ni 1,500 kwa mwaka. Na hapo hujagusa wanaostaafu na wanaohama fani, ambao mara nyingi huacha nafasi nyingi kuliko ukuaji wenyewe. Ukishapata idadi, iweke kando ya idadi ya wahitimu wa kila mwaka. Kwenye mishahara, tafuta wa mtu aliye katikati ukiwapanga wote kuanzia chini. Wastani huvutwa juu na wachache.

Njia_Panda: Shukrani sana. Na nikimpata mtu aliye kazini, nimuulize nini?

Mshauri_Fani: Usimuulize kama anaipenda, atakujibu kwa adabu tu. Muulize wiki iliyopita alifanya nini siku hadi siku, na aliohitimu nao wako wapi sasa. Mtafute aliyeajiriwa ndani ya miaka mitatu hivi. Mkongwe aliingia kwa masharti ambayo huenda hayapo tena. Ukimpata aliyeiacha fani, bora zaidi.

Famasia kwa kawaida haifanyiki bila usajili, na upimaji katika nchi nyingi ni hivyohivyo. Kwa hiyo iandikie bodi inayosajili: mafunzo ya vitendo baada ya kuhitimu ni ya muda gani, kuna mtihani, na je, kozi unayoilenga inatambuliwa? Swali hilo la mwisho usiliishie kwa ofisi ya udahili ya chuo. Wao wanatafuta wanafunzi.