Naomba ushauri: Dubai au Yas, na watoto pamoja na bibi yao

Habari zenu wakuu. Familia yetu haijawahi kutoka nje ya nchi pamoja, sasa tunataka kuwapeleka watoto kwenye bustani za michezo Falme za Kiarabu. Tuko Dar. Mkubwa ana miaka 11, mdogo 4, na mama mkwe anakuja nasi. Magoti yake hayataki kabisa habari ya kusimama foleni.

Wakala tuliyemfuata anatusukumia hoteli ya Deira, mtaa wa Dubai, eti bei nafuu na soko la dhahabu liko jirani (sisi dhahabu tutaishia kuitazama tu). Nikiangalia ramani, bustani ya Legoland iko mbali kule upande wa Jebel Ali, nje kidogo ya Dubai, na bustani za Ferrari World na Warner Bros. World ziko kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Hizo mbili zina paa na kiyoyozi. Legoland ndiyo inayomfaa mdogo, ila sehemu kubwa iko juani, na Juni joto la kule huvuka nyuzi 40. Desemba hali ya hewa ni nzuri, lakini nauli zinapaa na watu wanafurika. Mkubwa kila asubuhi anajipima ukutani kwa penseli, maana mabehewa ya kasi hawampandishi mtu mfupi.

Mliowahi kwenda na mtoto mdogo na mzee: mngelala Yas siku zote na Legoland kwenda na kurudi, au mngegawa hoteli mbili? Na likizo ya Juni inavumilika, au tujikaze tusubiri Desemba?