Mjadala: Tuombe puto la darubini ya miale ya gama lirushwe Nachingwea?

Mwalimu wa fizikia, Masasi: Wana kusini, hodi. Miale ya gama, mwanga usioonekana wenye nguvu nyingi, itokayo angani haifiki huku chini, hewa inaimeza yote. Wanaoitafuta huifuata kwa puto la heliamu, gesi nyepesi, karibu kilomita 40 juu, darubini ikining'inia kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Kitovu cha galaksi yetu ni chanzo kikubwa cha miale hiyo, na kwetu hupita nyuzi 19 tu kutoka utosini. Palestine, Texas, kwenye kituo cha maputo cha Wamarekani, hupita nyuzi 61, maana yake miale inapenya hewa iliyobaki juu ya puto karibu mara mbili ya huku. Ndiyo maana hufunga safari hadi Alice Springs, Australia. Uwanja wa ndege tunao, heliamu imegunduliwa Rukwa. Tunangoja nini?

Mkulima, Newala: Kupaa umetueleza, mwalimu. Linashukia wapi?

Mwalimu: Hukatwa kwa amri ya redio, darubini ikateremka na parachuti. COSI, darubini mojawapo ya miale ya gama, ilirushwa Wanaka, New Zealand, Mei 2016, ikakaa juu siku 46, ikatua Peru.

Mkulima: Peru! Basi, puto la kwetu litatua Msumbiji, au baharini, au juu ya mikorosho yangu. Na fidia usinitajie. Niliwahi kusubiri pesa ya korosho mpaka msimu mwingine ukaingia.

Bodaboda, Mtwara mjini: Mnahofia kushuka tu? Hiyo Alice Springs, 2010, upepo ulilibeba puto vibaya wakati wa kurusha, darubini ikakokotwa chini mpaka ikapindua gari. Video ipo, watu wanatimka kama vifaranga walioona mwewe. Bahati hakuna aliyeumia.

Mwalimu: Kweli, sifichi. Darubini hiyo ilikarabatiwa, na ndiyo iliyokuja kuwa COSI.

Bibi wa Lindi: Nami nina langu, wanangu. Tendaguru, 1909 hadi 1913, babu zetu walibeba mifupa ya dinosaria kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Leo dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Waliobeba waliambulia ujira wa upagazi.

Mwalimu: Shikamoo bibi. Lakini miale haibebeki.

Bibi wa Lindi: Marahaba. Miale haibebeki, ila hesabu zake zinabebeka, tena kwenye kidude kama kidole. Kijana wetu gani atakaa mezani azisome? Msiponijibu hilo, puto lenu mimi naliona ni upagazi uleule, safari hii bila mzigo kichwani.

Mwalimu: Hapo umenibana. Nilifikiria uwanja na gesi, wasomaji sikuwafikiria.

Bodaboda: Kwani linarushwa mwezi gani?

Mwalimu: Upepo wa juu hugeuka kwa majira. Warushaji huvizia hapo, ukiwa umetulia.

Mkulima: Kikao kikiitishwa, Julai msiitaje. Tunapuliza salfa.