Programu ya kurekodi udi na sauti chumbani: FL au nyingine?

Udi wa Chuda
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, nina laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8, maiki mbili na intafesi (kisanduku cha kuunganisha maiki na laptopu) ya matundu mawili. Nataka kurekodi taarabu ya kizamani: mimi napiga udi, shangazi anaimba, fidla na dumbaki tutaziongeza baadaye. Vijana wote mtaani wananiambia niweke FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Nimefungua ya majaribio, nakuta vibonyezo vya kupanga ngoma, udi sijui niuweke wapi. Ya kreki sitaki, na mfuko hauvuki dola 100.

BitiKali
FL mkuu, usihangaike. Ukishainunua, matoleo mapya yote unapewa bure. Ila hiyo ya majaribio, kazi utaihifadhi lakini ukiifunga haifunguki tena mpaka ulipie.

Fundi Mitambo
BitiKali anaanzia kwenye biti, wewe unaanzia kwenye maiki. Chukua REAPER, programu ya kurekodi. Ni nyepesi, hata bando dogo linaishusha. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Udi traki yake (mstari wake wa sauti), shangazi traki yake, lakini rekodini pamoja, taarabu watu wanaangaliana. Kwenye taksim, pale udi unapobuni peke yake, zima metronomu kabisa, taksim haina mapigo ya kuhesabu. Ubaya wake, haiji na vinanda vya kompyuta vya maana. Sasa wewe una udi, vinanda vya nini?

Udi wa Chuda
Nimeiweka, inashika vizuri. Tatizo shangazi anajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa. Anakasirika, anaivua.

Fundi Mitambo
Hapo unatumia draiva ya Windows. Pakua ASIO, draiva ya sauti isiyochelewesha, ya waliotengeneza intafesi yako, kisha uichague kwenye Preferences, sehemu ya Audio Device. Bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta inakishika kwa wakati mmoja; kikiwa kidogo, kuchelewa kunapungua) weka sampuli 128 mnaporekodi. Sauti ikikwaruza, panda 256. Ukifika kwenye kumiksi nenda hata 1024, mashine ipumue. Kama intafesi ina kitufe cha direct monitor, kinachopeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni, kibonyeze, halafu zima monita ya traki ya shangazi humo ndani ya REAPER, la sivyo atajisikia mara mbili.

BitiKali
Na feni izimeni, maiki zinalishika lile vumo lote.

Udi wa Chuda
Tanga hii, mwezi huu, bila feni? Shangazi atanikimbia kabla ya ubeti wa pili. Tutarekodi alfajiri.